Anayesikia Joto Mapema

Mji wa Kale, Mombasa
14 Agosti 1995

Ndugu yangu Tumu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, Mama yuwala vizuri, usitie wasiwasi, wewe shika kazi yako.

Maulidi yamepita salama. Majirani walituletea pilau na Mama akaonja mchuzi wake, akatabasamu kwa ule upande wa uso unaotabasamu. Tangu kiharusi kile nimezoea kumsoma kwa upande mmoja, hata nikikutana na mtu mwenye uso mzima naona ana maneno mengi. Nikimgeuza huku, nikimwosha, nikimsuka, kisha cherehani, kisha jiko, kisha kumgeuza tena. Usinihurumie, nakuhadithia tu.

Nililotaka kukuuliza ni habari ya nyuki. Wale walioingia ukutani juu ya dirisha la Mama, mwaka ule aliofariki Baba, bado wako na wamezidi. Ngumbao, yule mchukuzi wa maghala ya Shimanzi ambaye kwao Kaloleni wafuga nyuki, alikuja akatega sikio ukutani, akasema kundi ni kubwa na angewatoa asubuhi moja. Mama hakutaka. Maneno mengine humkwama, lakini "sitaki" huitamka vizuri kuliko mimi. Apenda kuwasikia. Asema nyumba yenye nyuki haikosi watu. Nikamwambia, Mama, watu wenyewe ni mimi na wewe. Akafumba macho.

Sasa wewe uliyeajiriwa kuwatazama nyuki, hebu nambie. Nikikaa na cherehani naona huyu aingia, yule atoka, hapana anayepiga kelele, hapana anayeulizwa, na kazi yenda. Nani awaambia? Sisi humu tuko wawili na bado hatuelewani.

Na likizo yako mwaka huu ni lini? Nauliza tu.

Mama yuwakusalimu sana.

Dada yako,
Shukri


Mbaraki
28 Agosti 1995

Kwa Bi Shukri,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakuandikia badala ya kuja, maana mtaa wenu una macho na mimi sipendi kukuletea maneno.

Uliniambia ungemtajia Mama habari yetu baada ya Idi. Kisha ukasema baada ya Maulidi. Maulidi yamepita. Jambo jipya ni hili: ofisi imenihamisha Lamu, kwetu nilikozaliwa, kuanzia mwezi wa kwanza. Barua ya uhamisho nimeshaipokea, na kwa kweli sina huzuni ya kuondoka Mbaraki. Miaka yote hii nahesabu magunia ya watu, nikirudi nyumbani najipikia chakula cha mtu mmoja na hata hicho hakiishi.

Nia yangu ni ile ile. Nataka tuoane kabla ya Ramadhani, twende pamoja. Lakini sitatuma wazee kwa ami yako kuleta posa kabla ya kupata neno la Mama, wakaja wakarudi na nyuso zimewashuka. Akikubali, watakwenda siku hiyo hiyo. Akikataa, nitafahamu, nitakwenda zangu Lamu na sitakusumbua tena. Mimi si kijana wa kusimama chini ya dirisha la mtu, Bi Shukri. Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kwamba nilizaliwa mzee, na sasa uzee wenyewe umenifikia.

Kama Mama ataka kuja nasi, nyumba yetu ya Lamu haina ngazi.

Wasalaam,
Jamaldin


Mji wa Kale
3 Septemba 1995

Kwa Bwana Jamaldin,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata.

Nilimtajia Mama. Hakusema kitu. Adhuhuri yake akashikwa na homa, hata maji hakutaka. Basi nimefahamu. Si mara ya kwanza. Yule mwalimu aliyenitaka kwanza, homa. Yule wa Malindi, tumbo. Usimlaumu, ni mgonjwa, na mwenye nyumba ndiye mwenye neno. Kwenda Lamu hawezi. Barabara ile mtu mzima wa afya ateremka mifupa imemlegea, sembuse yeye.

Nipe mpaka Rajabu. Nitajaribu tena. Nikikosa mtu wa kumwachia nitakwambia mwenyewe, hutasikia kwa watu.

Shukri


Kibwezi
20 Septemba 1995

Dada Shukri,

Shikamoo, na unishikie ya Mama. Barua yako ilinikuta uwanjani na kofia ya wavu kichwani, nikaisoma humo humo ndani ya wavu. Swali lako limenichekesha, maana ndilo lililomtoa mkubwa wangu upara. Nani awaambia? Hapana. Hapana anayemwambia mtu.

Watu hudhani malkia ni kama mkuu wa wilaya, akae atoe amri. Masikini yule mama, kazi yake ni kutaga mayai tu, hajui hata mlango uko wapi. Alichonacho ni harufu. Tulimtoa malkia mzinga mmoja asubuhi, na kabla ya adhuhuri mzinga wote ulikuwa walia. Mlio wenyewe hubadilika, ukiusikia mwili wakusisimka. Walikuwa maelfu, wengi hawajawahi kumwona, na wote wakajua hayupo.

Sasa sikiliza ajabu yake. Nyuki wote wanaofanya kazi ni majike. Kila mmoja ana tumbo la kutaga kama mama yake, ila dogo. Harufu ya mama ikiwamo nyumbani, tumbo lile hulala. Hapana aliyemkataza. Yeye mwenyewe hana habari kama lingeweza kuamka, na huku azeeka akibeba maji. Na harufu ile haitembei yenyewe, dada. Wale wanaomlisha na kumlamba ndio wanaoichukua, kwa mdomo na kwa zile pembe za kichwani, wakampa huyu, huyu akampa yule, mpaka pembe ya mwisho ya mzinga. Kwa hivyo kama ni amri, wanabebeshana wao kwa wao.

Je, si uzuri huo?

Likizo sijapata hakika. Kusema kweli, nilipokuja Idi nilikuta nyumba yang'aa, Mama amesukwa, anukia udi na asmini, chakula mezani. Nikajiona mgeni. Nikasema hapa hapana haja yangu, Mungu amenijaalia dada. Siku nitakayopata mume nitakuazima uje unipangie nyumba.

Mdogo wako,
Tumu


Mji wa Kale
22 Oktoba 1995

Ndugu yangu Tumu,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi hatujambo. Barua yako nimemsomea Mama kwa sauti, nikaruka pale pa matumbo.

Lakini pale pa matumbo ndipo paliponikaa. Nikwambie kitu cha kike. Mimi mwezi wangu haujaniona tangu kabla ya Maulidi. Nilikwenda kwa daktari, akanitazama, akasema si uzee, ni uchovu, nipumzike. Nilicheka mpaka nesi akachungulia. Sikwambii ili ufanye kitu, nakwambia kwa kuwa uliandika.

Joto limeanza. Chumba cha Mama ukuta wafuka kama tanuri, na nyuki nao wamebadilisha mambo. Tangu saa nne hujipanga wachache kwenye lile tundu, vichwa ndani, wakipepea mabawa hata yasionekane. Jana nilisimama juu ya kiti nikawatazama. Wanaopepea ni wachache tu. Wengine wapita juu yao, wengine wamejikalia, hawana habari na joto la mtu. Nikasema mbona hata huku kuna wavivu? Nilimpepea Mama kwa kipepeo cha ukili huku nikiwatazama wenzangu wale, mkono ukaniuma, nikashuka.

Ukipata hata wiki moja ya Rajabu, njoo. Si lazima. Kuna jambo nataka kulifikiria nikiwa nimelala usingizi wa kutosha, na humu ndani sipati mahali pa kulifikiria. Lakini kazi yako kwanza.

Shukri


Kibwezi
5 Novemba 1995

Dada Shukri,

Shikamoo. Pole kwa hilo la daktari. Kunywa supu ya maini, na usishone usiku.

Wale hawakuwa wavivu! Hapo sasa umenigusa penyewe, maana ndiyo kazi niliyonayo mwaka huu. Nyuki hawalingani kwa kusikia joto. Mmoja, joto likipanda kidogo tu, halivumilii, huenda mlangoni akaanza kupepea. Mwenziwe aliye karibu naye si mvivu wala si mjeuri, ila yeye hulisikia likizidi zaidi. Basi yule wa kwanza akiisha kupepea, nyumba yapoa, na yule wa pili joto lake halifiki kamwe. Aishi maisha yake yote akidhani mzinga ni baridi.

Na tumejaribu. Tuliwatia alama wale wanaoanza mapema, tukawatoa. Unajua ilikuwaje? Walitoka wengine, wale wale waliokuwa wamejikalia, wakashika zamu, wakapepea vizuri tu. Nguvu walikuwa nazo muda wote. Nyumba haikuharibika. Hapana aliyewafunza na hapana aliyewaita, ila walisikia.

Ona walivyopangika. Natamani binadamu tungekuwa hivyo.

Rajabu sitaweza, dada. Mvua zimeanza huku na ndio wakati wa makundi kugawanyika, nikiondoka sasa kazi ya mwaka yapotea. Na Mombasa sina wasiwasi, maana uko wewe.

Tumu


Hospitali, Mombasa
19 Novemba 1995

Tumu,

Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi. Mama yu hai, nimeanza na hilo.

Jana asubuhi nyuki walimvamia. Sijui niliwakosea nini. Nilitoka Marikiti na ndizi mbivu, nikazitundika kwenye nondo za dirisha lake kama siku zote, maana hawezi kumeza ila zile zilizoiva mpaka zikafanya madoa meusi, nazisonga na maziwa. Safari hii zilikuwa zimeiva sana na nilinunua chane zima. Nyuki mmoja akanijia usoni nikamponda ukutani kwa kiganja. Kufumba na kufumbua chumba kimejaa. Mama hawezi kukimbia, hawezi hata kujifunika. Nilimlalia juu, nikamfunika na buibui langu, nikapiga kelele mpaka Ngumbao, ambaye alikuwa chini akileta mkaa, akapanda na gunia la moshi.

Uso wake hauna upande sasa, umevimba wote. Mimi nimeumwa mgongoni na mikononi, si kitu. Daktari asema tusubiri.

Nilipokuwa juu yake nilifikiria jambo baya, Tumu. Sitaliandika.

Shukri


Mbaraki
25 Novemba 1995

Kwa Bi Shukri,

Assalamu alaykum. Namshukuru Mungu kwa hali ya Mama. Nilikwenda kumwona jana alasiri, nikaambiwa umekwenda nyumbani kufua. Nilikaa naye. Sikwenda kwa ajili ya habari yetu. Nilikwenda kwa kuwa alikuwa akinipa visheti nilipokuwa nikipita mtaani kwenu kijana.

Alinitambua. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akaniuliza, kwa taabu, neno kwa neno, na mimi nikangojea: "Jamaldin. Kwa nini hukuleta posa kwa mwanangu?"

Nikadhani ugonjwa. Nikamwambia, Mama, si ulikataa? Akanitazama sana. Akasema: "Mimi sijaulizwa."

Nilimuuliza habari ya yule mwalimu. Hakumjua. Yule wa Malindi hakumjua.

Bi Shukri, sina hasira, au ninayo lakini imechoka kama mimi. Kama hunitaki, ungeniambia wewe, ningekuamkia njiani kwa heshima mpaka mwisho. Kumtia mgonjwa katika neno ambalo hakulisema, hilo sikulitegemea kwako. Naondoka kwenda Lamu tarehe ishirini na nane ya mwezi wa kumi na mbili. Sitauliza tena.

Jamaldin


Mji wa Kale
28 Novemba 1995

Kwa Bwana Jamaldin,

Ni kweli. Mama sikumwambia. Hata mara moja.

Kila mara niliingia chumbani nikiwa nimelishika lile neno. Namkuta amelowa, namgeuza, namfuta, namlisha, na nikimaliza neno limeshaondoka, nami naona kana kwamba nimejibiwa. Nikitoka nawaambia watu Mama hataki. Nilikuwa naamini, Jamaldin, hilo ndilo la ajabu. Homa ilikuwa ya kweli, ila yeye huwa nayo kila mwezi, posa iwepo isiwepo.

Kukutaka nakutaka. Hilo nimelisema sasa, na mkono wangu umevimba kwa miiba, uone mwandiko.

Lakini mtu wa kumwachia sina. Nitamwandikia ndugu yangu. Akikataa, nenda salama, na hutasikia kwamba ni Mama.

Shukri


Mji wa Kale
30 Novemba 1995

Tumu,

Mama ametoka hospitali. Ngumbao amewatoa nyuki. Mama alikubali kwa sharti wasiuawe. Ngumbao alivunja chokaa kidogo, akamtafuta malkia ndani ya masega, akamtia kwenye sanduku, na wale wengine wakaanza kumfuata. Wachache walisimama mlangoni pa sanduku, mikia juu, wakipepea kuwaita wenzao. Amewapeleka Kaloleni. Chumba kimenyamaza mpaka chatisha.

Nilimweka Mama sawa kitandani, nikakaa chini, nikamuuliza nisilowahi kumuuliza. Nikamwambia habari ya Jamaldin, na ya yule mwalimu, na ya yule wa Malindi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nani alikuzuia?" Nikamwambia, wewe, Mama. Akalia. Akasema yeye miaka yote alidhani mimi sitaki mume, na kwamba akinitajia nitadhani anifukuza, basi akanyamaza ili nisione vibaya. Tulikaa pale, Tumu, wanawake wawili wajinga na sufuria ya uji katikati.

Wewe uliniandikia kwamba malkia haamrishi, kwamba wale wanaomlamba ndio wanaoipeleka harufu. Niliisoma nikadhani ni habari ya nyuki.

Sasa nakwambia jambo nililokuficha kwa kila barua. Jamaldin, yule karani wa Mbaraki, ataka kunioa, nami nataka. Aondoka kwenda Lamu mwisho wa mwezi ujao. Nimechoka. Neno hilo sijakuandikia hata siku moja, litazame vizuri. Nimechoka kwenye mifupa. Nilipokuwa nimemlalia Mama na nyuki waniuma mgongo, nilifikiria kwamba nikiondoka juu yake itakwisha. Sikuondoka. Lakini nililifikiria, na anayefikiria hivyo asiachiwe mgonjwa peke yake.

Sikuulizi likizo yako ni lini. Nakwambia njoo.

Shukri


Kibwezi
7 Desemba 1995

Dada,

Naja. Jumanne, kwa treni. Nimeomba ruhusa ya mwaka, mkubwa wangu hakufurahi, mzinga wangu wa majaribio amepewa mwingine. Usiseme pole.

Ndizi zilizoiva sana zanukia kama ile harufu wanayotoa nyuki wakiita wenzao vitani, na yule uliyemponda aliitoa yenyewe. Hilo nalijua tangu mwaka wangu wa kwanza hapa. Haturuhusiwi hata kula ndizi karibu na mizinga. Sikuwahi kukwambia, kwa sababu sikujua kama Mama ala ndizi. Nilikaa na barua yako nikiwaza hivyo: najua kundi la nyuki lala nini, na mamangu sijui ala nini.

Kila nikija nilikuta baridi, dada. Sikuuliza nani apepea. Na ile barua ya joto niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaifunga, nikatia stempu.

Mwambie Jamaldin atume wazee.

Tumu


Mji wa Kale, Mombasa
17 Machi 1996

Kwa dada yangu Shukri, Lamu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, Mama yuwala vizuri, usitie wasiwasi, wewe tulia na mumeo.

Idi ilipita salama. Mama alivaa ile kanga uliyomletea, na watu walikuja. Nimejifunza kumgeuza peke yangu bila kumuumiza, na kumsuka pia, ingawa asema nywele zake za upande wa kushoto zakaa kama za mwendawazimu. Siku hizi hunitania. Ananiuliza habari za nyuki, nami namhadithia mpaka asinzie. Akiamka ataka tuendelee pale pale, na mimi nimeshasahau tulikuwa wapi.

Joto ni jingi mwaka huu. Ule ukuta bado wafuka. Kazini waliniandikia kuuliza kama nitarudi mwezi wa kumi na mbili, sijawajibu, nitajibu nikipata nafasi ya kukaa.

Jamaldin msalimie. Likizo yake ni lini? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Tumu


Lamu
26 Machi 1996

Tumu,

Marahaba. Barua yako imefika jana na nimeisoma mara moja tu, maana sikuhitaji ya pili.

Hatujambo, Mama yuwala vizuri, usitie wasiwasi. Mdogo wangu, maneno hayo ni yangu. Nimeyaandika miaka mingi na kila moja nalijua lina nini tumboni. Na hilo la "nauliza tu" nililitunga mimi, usinirudishie.

Hapa mambo ni mema. Jamaldin ala chakula chote sasa na hunilaumu kwa kumnenepesha. Mimi nalala. Mwezi wa kwanza nililala kama mtu aliyepigwa, mpaka mama mkwe akauliza kama ni mgonjwa, na Jamaldin akawaambia watu waniache. Tumbo langu nalo limeamka, mwezi wangu waja kwa wakati wake. Nakwambia ujue kwamba daktari hakukosea.

Nilipoisoma barua nikampa Jamaldin. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Basi la Mombasa laondoka Mokowe alfajiri. Nikukatie tikiti?" Hakuuliza kwa nini. Nikamwambia nitakaa mpaka baada ya Idi ya kuchinja, akasema sawa, kupika ajua, alijipikia miaka. Tumekubaliana iwe hivyo kila mwaka, mimi zamu yangu na wewe zamu yako, na ule wakati wako wa nyuki kugawanyika uwe Kibwezi. Wajibu watu wa kazini. Waambie ndiyo.

Mama usimwambie kwamba nakuja kwa sababu umechoka. Mwambie nimemkumbuka, ni kweli pia. Ndizi usinunue, nitanunua mwenyewe Marikiti nikishuka.

Barabara ni mbaya na twaenda kwa msafara wa polisi, kwa hivyo sijui nitafika saa ngapi. Mlango uache na komeo la chini tu, nalijua kulifungua kwa nje. Usinipikie, usinifagilie, usinisimamie ngazini. Nikifika nataka nikukute umelala.

Dada yako,
Shukri